Bandia za Plastiki Pwani ya Uvira: Mchoro Kwanza, Mashine Baadaye

Katikati ya mwaka 1916 meli kubwa kuliko zote katika Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen ya Wajerumani, ilikuwa imetia nanga Kigoma ikiwa na mzinga wa mbao. Mzinga wake wa kweli, wa milimita 105, ulikuwa umetolewa kwenye manowari Königsberg iliyoangamia katika delta ya Rufiji Julai 1915. Sasa ulikuwa umeng'olewa tena na kupelekwa kwenye vita vya nchi kavu, na mahali pake mafundi wakapachika wa bandia. Waingereza waliojipanga ng'ambo, mahali mto Lukuga unapotoka ziwani, ilipo Kalemie ya leo, walikuwa wameshaiteka meli ndogo ya Kingani Desemba 1915 na kuizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann, Februari 1916. Hiyo kubwa hawakuisogelea. Mwishowe Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916. Baadaye Waingereza wakaiopoa, na tangu 1927 inaitwa Liemba.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu kinaonyesha bandia hupimwa kwa kipimo gani. Haihitaji kufanya kazi ya kile kilichoigwa, wala kudumu miaka. Inatakiwa imdanganye mtu fulani, kutoka umbali fulani, kwa muda fulani. Anayesahau mambo hayo matatu atatumia fedha za bure, hata awe na mashine ya bei gani.

Upande wa Kongo wa ziwa hilohilo, Uvira, Kalundu, Kavimvira, Kiliba na vijiji vya pwani havikosi watu wanaohitaji vitu vya namna hiyo. Parokia zinaigiza mateso ya Pasaka na zinataka helmeti za askari wa Kirumi. Shule zinaandaa mchezo wa sikukuu ya uhuru, tarehe 30 Juni, na zinataka redio ya mwaka 1960 iliyowekwa mezani. Vijana wenye kamera au simu nzuri wanapiga filamu fupi, wakijua kwamba Bujumbura kuna tamasha la FESTICAB tangu 2009 na Goma kuna kituo cha Yole!Africa. Wote hukwama palepale: kitu kinachotakiwa kuonekana hakipo, na kilichotengenezwa kwa boksi la katoni kinaonekana kuwa boksi la katoni.

Hapo ndipo linapoingia wazo la mashine ya CNC, ile meza yenye rauta inayotembezwa na kompyuta na kuchonga bamba la plastiki kufuata mchoro. Nimesikia likisemwa kana kwamba mashine ikifika mambo yote yatanyooka. Mimi naona mpangilio umepinduliwa. Kwa Uvira cha kwanza ni mchoro, cha pili ni bamba, na mashine ni ya mwisho. Tena si lazima mashine yenyewe ikae Uvira.

Tuanze na bamba, kwa kuwa ndilo linaloamua mengi. Linalofaa zaidi kwa bandia ni lile ambalo watengeneza vibao huliita foreksi, yaani PVC iliyotiwa mapovu wakati wa kutengenezwa hadi ikawa nyepesi kama mbao laini. Shiti ya kawaida ina sentimita 122 kwa 244. Ikiwa na unene wa milimita 10 ina uzito wa kilo 16 hivi. Mtu mmoja anaibeba kichwani, upepo wa ziwa ukimruhusu. Inakatika kwa msumeno wa mkono, inashika skrubu kiasi, na inaunganishwa kwa gundi ileile ambayo mafundi bomba wanatumia kwenye mabomba ya PVC. Udhaifu wake ni joto. Ikifika nyuzi 70 au 80 inalegea, na kitu kilichopakwa rangi nyeusi kikiachwa ndani ya gari lililofungwa, saa saba mchana, kinaweza kuanza kupinda kabla hakijafika kiwango hicho.

Ya pili ni pleksi, yaani akriliki. Ni ngumu zaidi na inang'aa, kwa hiyo ni ya vioo, taa na vioo vya saa. Zipo za aina mbili ambazo jicho haliwezi kuzitofautisha. Iliyomiminwa kwenye kalibu inatoa chenga kavu chini ya kisu. Iliyosukumwa kiwandani kwa mashine inatoa nyuzi, inayeyuka na kushika kwenye kisu. Muuzaji mara nyingi hajui anauza ipi. Kata pembe ndogo kabla hujanunua shiti nzima.

Ya tatu ni plastiki ya bidoni, polithini nzito. Hiyo ipo tele, inaokotwa, na inayeyuka kwenye nyuzi 130 hivi, kwa hiyo inaweza kukandamizwa ikawa bamba. Mfano mkubwa wa Afrika Mashariki ni Flipflopi, dau lililojengwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda kwa plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa vipande vya ndala zipatazo 30,000, likashushwa majini Septemba 2018. Mafundi wale walichonga mbao za plastiki kwa vifaa vyao vilevile vya mti. Lakini kwa bandia polithini ina kasoro mbili ambazo dau halikuzijali: gundi haishiki na rangi inabanduka. Inaunganishwa kwa kuchomelewa kwa joto au kwa bolti. Kwa ngao au kitako cha kitu kizito inafaa. Kwa redio ya mezani, hapana.

Tuichukue redio hiyohiyo tuitazame kwa karibu. Tuseme ina upana wa sentimita 28, kimo cha 18 na kina cha 7. Asiyezoea atawaza boksi lenye kuta sita na pembe za kuunganisha. Anayejua kazi ya bamba anaikata redio kwa matabaka kama mkate wa vipande: fremu sita za milimita 10 zilizotobolewa katikati, uso mmoja wa milimita 5 na mgongo mmoja wa milimita 5. Zikigandishwa zinatoa milimita 70, na ndani panabaki uwazi wa kuficha simu inayotoa sauti ya hotuba. Pembe za nje zinaviringishwa kwa msasa. Mistari kati ya matabaka inafunikwa kwa puti ya mafundi wa bodi za magari, ambayo pia inaziba vitundu vya ubavuni. Foreksi ubavuni inakunywa rangi kama sifongo, na usipoziba kwanza utapaka mara tano bila kuona mng'ao.

Sasa swali: katika redio hiyo mashine inahitajika wapi? Kwenye zile fremu sita, karibu si popote. Fundi mwenye kiolezo kizuri na msumeno wa jigsoo anazimaliza, na baada ya puti hakuna atakayejua. Inahitajika usoni, kwenye wavu wa spika wenye mianya arobaini ya milimita 3, iliyolingana urefu na nafasi. Kwa mkono hiyo ni nusu siku ya kuumiza macho, na mwanya wa thelathini na nane ukiteleza uso wote unatupwa. Kwa mashine ni dakika chache, na uso wa pili unatoka sawasawa na wa kwanza. Faida yake iko kwenye kurudia na kwenye vidogo vingi vinavyofanana. Kitu kimoja kikubwa chenye mstari wa kawaida hakiihitaji.

Hata hivyo mashine ina adabu zake, na ya kwanza inawashangaza mafundi waliotoka kwenye mti. Ukiona plastiki inayeyuka, silika inakuambia upunguze mwendo. Kumbe ndivyo unavyoharibu zaidi. Kisu kinachozunguka mara 18,000 kwa dakika kikisogea polepole kinasugua mahali pamoja, joto linakaa kwenye bamba, na chenga inageuka utandu unaojirudisha kwenye mfereji. Kinachotakiwa ni kila mzunguko ung'oe chenga yenye unene wa kutosha ili joto liondoke nayo. Kwa kisu chenye makali mamoja na chenga ya milimita 0.15, hesabu ni 18,000 mara 0.15, yaani milimita 2,700 kwa dakika, mita tatu kasoro. Ukiogopa mwendo huo, punguza mzunguko, usipunguze mwendo peke yake. Adabu ya pili: kisu ni duara, kwa hiyo kisu cha milimita 6 hakiwezi kuacha pembe ya ndani iliyo kali, kinaacha mviringo wa milimita 3, na pembe inamaliziwa kwa tupa. Ya tatu inahusu laza, mashine inayokata kwa mwanga. Wapo wanaofikiri laza na rauta ni ndugu, wakate kwa yoyote. PVC ikichomwa kwa laza inatoa haidrojeni kloridi, gesi inayounguza mapafu na kula vyuma vya mashine yenyewe. Foreksi haiingii kwenye laza, hata kwa jaribio dogo.

Umeme ndio sura ndefu kuliko zote. Unaolisha Bukavu, Uvira na sehemu ya Burundi unatoka kwenye mabwawa ya mto Ruzizi: Ruzizi I ya mwaka 1958 na Ruzizi II ya mwaka 1989, yote mawili pamoja hayafiki megawati 75 hata yakifanya kazi bila kasoro. Na hayafanyi hivyo. Taka za plastiki kutoka Ziwa Kivu zinateremka hadi kwenye milango ya maji. Mwaka 2022 ziliharibu alternata moja ya Ruzizi I, na mtandao ukapoteza megawati 6.3. Chupa na bidoni zilizotupwa Bukavu zinaweza kumzimia taa fundi wa Uvira anayechonga plastiki. Kwa rauta ya mkononi hilo ni usumbufu tu: unasimama, unanywa chai, unaendelea. Mashine ya CNC ikizimwa katikati ya mkato inapoteza hesabu ya mahali ilipo. Umeme ukirudi, kama haina swichi za kuirudisha kwenye chanzo chake, au kama mtu amelisogeza bamba kwa kidole tu, kazi ya saa nzima inakwenda pembeni. Jenereta inasaidia, na gharama ya mafuta inakula faida ya bandia yote. Sola inawezekana kwa mashine ndogo ya kilowati mbili mchana, ila betri na inveta za kubeba mzigo huo si za mchezo.

Kwa hiyo mashine ikae wapi? Kigali kuna FabLab Rwanda tangu 2016, mahali pa wazi ambapo mwanafunzi au fundi anaweza kufundishwa na kukata. Kwenye ramani ni karibu. Njiani ni mbali: Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, na barabara ya bonde la Ruzizi kupitia Kamanyola ni barabara ya vita. Bujumbura iko jirani kabisa, nusu saa Gatumba ikiwa wazi na mwendo wa siku ikiwa imefungwa. Dar es Salaam ni mbali zaidi, lakini ndiko shiti nyingi zinakotoka, na watengeneza vibao na samani wenye mashine wapo wa kutosha. Kutoka huko mzigo unakuja Kigoma kwa reli au lori, kisha kwa boti hadi Kalundu. Ziwa ndilo barabara isiyofungwa kirahisi.

Faili linavuka mipaka yote hiyo kwa sekunde. Ndiyo maana nimeuweka mchoro kwanza. Mtu wa Uvira mwenye kompyuta ya zamani anaweza kuchora kwa Inkscape au FreeCAD, programu za bure zote mbili, akamtumia fundi wa Dar es Salaam mchoro kwa WhatsApp. Autume kama hati, si kama picha, la sivyo fundi atapokea uchafu. Kazi ngumu ni kupata vipimo pale ambapo kitu chenyewe hakipo na mkononi kuna picha tu. Dawa yake ni kutafuta ndani ya picha kitu ambacho ukubwa wake unajulikana duniani kote. Betri kubwa ya tochi ina kipenyo cha milimita 34 na urefu wa 61 na nusu. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297. Ukipata kimoja, kila kitu kilicho kwenye kina kilekile cha picha kinapatikana kwa mgawanyo. Kilicho nyuma au mbele zaidi kinadanganya, na hapo ndipo wachoraji wengi wanapotengeneza redio yenye uso mzuri na ubavu wa ajabu. Kwa kitu kilichopo, nunua kalipa. Ni kifaa kidogo na kinafanya kazi bila umeme.

Kisha unaomba ukatiwe nini? Hapa nina maoni ambayo wapenzi wa mashine hawayapendi: usiombe redio, omba kiolezo. Kiolezo ni bamba moja gumu la milimita 10 au 12 lililokatwa na mashine kwa usahihi wa mchoro. Kikifika Uvira kinafungwa juu ya foreksi, na fundi anakifuata kwa rauta ya mkononi yenye kisu cha beringi: beringi inatambaa kwenye ukingo wa kiolezo, kisu chini yake kinanyoa foreksi kufuata mstari uleule. Kwanza anakata kwa jigsoo akiacha milimita mbili au tatu, ndipo rauta inapita mara moja. Sauti inabadilika kisu kinapofika kwenye mstari. Kutoka mlio mzito inakuwa nyembamba na laini, na fundi aliyezoea haangalii tena, anasikiliza. Kiolezo kimoja kinatoa fremu sita leo na sitini mwaka kesho, umeme ukiwepo kwa dakika ishirini tu. Usahihi umenunuliwa Dar es Salaam mara moja, kazi inabaki Kalundu.

Wapo watakaosema huko ni kujinyima, kwamba kila mji ulianza na mashine ya kwanza ambayo haikuwa na faida. Nakubali nusu. Lakini tuangalie wenzetu wa Wakaliga, mtaa wa Kampala ambako Isaac Nabwana alitengeneza filamu ya Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200. Silaha zake za bandia ziliundwa na Dauda Bisaso kutoka vyuma chakavu, bila bamba la kiwandani wala kompyuta ya kuchonga. Filamu ile imetazamwa na mamilioni duniani kote. Kamera inayotikisika haidai usahihi wa milimita, na hadhira iliyocheka haikagui pembe. Aliye na hadithi anaweza kuanza na chakavu. Aliye na mashine bila hadithi ataishia kuchonga majina ya watu kwenye vishikio vya funguo.

Lakini mfano wa Wakaliga hauwezi kubebwa mzima hadi Uvira. Bunduki ya bandia Kampala ni kichekesho. Katika mji ambao waasi wa AFC/M23 waliuingia Desemba 2025, ambako kabla na baada ya hapo kila kizuizi barabarani kina mtu mwenye bunduki ya kweli na hofu ya kweli, nakala nzuri ya AK ni hati ya kifo kwa kijana aliyeibeba begani kutoka mazoezini. Ubora wenyewe ndio hatari: kadiri fundi anavyofaulu ndivyo mbebaji anavyozidi kuwa hatarini. Marekani, nchi isiyo na vita ndani yake, imedai tangu 1989 bunduki za kuchezea ziwe na ncha ya rangi ya chungwa. Rangi hiyo haimsaidii mtu gizani katika mtaa wa Mulongwe, Uvira.

Msimamo wangu ni kwamba atelie ya bandia ya Uvira isichonge bunduki kabisa, hata mteja akilipa mara mbili, na faili zake zisihifadhiwe. Na yasiishie hapo: redio za mkononi za kijeshi, nembo za vyeo na beji za polisi ziingie kwenye orodha hiyohiyo. Filamu inayohitaji bunduki inaweza kuonyesha kivuli ukutani, au mkono ulioinuliwa, au sauti. Waandishi wa michezo watalalamika kwamba nimewafunga. Kwa kweli nimewaachia kila kitu kingine: usukani wa meli, simu ya kuzungusha, mizani ya forodha, taa za wavuvi, kamera ya mpiga picha wa zamani, taji la Herode.

Turudi kwenye fedha, maana hapo ndipo mipango mingi inapofia. Bandia pekee haziwezi kuilipia mashine. Parokia inahitaji helmeti mara moja kwa mwaka, shule redio mara moja, na wote wanataka kwa mkopo. Kinacholipa ni herufi za vibao vya maduka na famasi, makaunta ya vibanda vya kutuma fedha, namba za nyumba, vibao vya milangoni kwa mashirika yanayohamahama. Kwa hiyo kama kuna siku mashine itafika, imfuate mtengeneza vibao aliye na wateja tayari, na watu wa michezo waingie kwake Jumamosi kwa bei ya kuelewana. Mradi unaoanza na kikundi cha vijana wa sanaa kupewa mashine na mfadhili naukataa mapema: kisu cha kwanza kikivunjika hakuna wa kununua cha pili, na meza inageuka mahali pa kuanikia nguo.

Na kabla ya yote hayo, chenga. Kisu cha milimita 6 kikipita mita moja kwenye foreksi ya milimita 10 kinaacha gramu 33 za unga na vipande. Mita thelathini ni kilo nzima, na kazi moja ya wastani inafika hapo kwa urahisi. Foreksi inaelea. Mvua moja ya Aprili inaweza kusafisha uwanja wote wa atelie hadi kwenye mtaro, kutoka mtaroni hadi ziwani, katika ziwa lenye kina cha mita 1,470 ambalo maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea, Lukuga. Hakuna kiwanda cha kuisaga upya hapa. Kwa hiyo kazi ifanywe ndani ya kuta, juu ya turubai, na chenga zikusanywe kila jioni kwenye gunia lililofungwa. Zikichanganywa na puti zinajaza vitako vya vitu vizito, kazi ambayo fundi angeinunulia mchanga. Mtu asiyekuwa tayari kwa gunia hilo asipewe kiolezo.